Nafasi Tupu ya Sebuleni ni ya Nani?

Mwaka jana kaka yangu alihamia nyumba ya kupanga huko Kinindo, na wiki ya pili tu akanitumia picha ya meza. Chini ya picha aliandika: "Mdogo wangu, wewe ndiye mwanachuoni wa familia. Hii ni israfu au si israfu?" Nilikuwa nimetoka kwenye mtihani wa Usuli al-Fiqhi, kichwa kimechoka, nikamjibu kwa haraka ya mtu anayejiona anajua. Nilimwambia kuwa sebule yake ina sofa moja na zulia moja, basi, na mwenye vitu vichache hivyo yuko karibu na zuhudi kuliko sisi tuliojaza makabati. Anunue kwa bismillahi. Akanunua.

Makala haya nayaandika kwa sababu naamini jibu lile lilikuwa kosa, na kwa sababu nadhani wengi wetu katika jumuiya hii tungelitoa vilevile. Muda si mrefu tutamaliza masomo, tutapanga chumba cha kwanza, na picha za sebule nyeupe zenye kitu kimoja katikati tumeshazitazama sana kwenye simu zetu.

Meza yenyewe ilikuwa nakala ya ile maarufu ya Isamu Noguchi, mchongaji sanamu Mmarekani ambaye baba yake alikuwa Mjapani. Kampuni ya Herman Miller ilianza kuiuza Marekani mwaka 1947. Ni kioo kimoja kinene chenye pembe tatu zilizoviringwa, kimelala juu ya vipande viwili vya mbao vilivyopindwa kwa umbo moja, kimoja kimepinduliwa. Hakuna droo, hakuna msumari unaoonekana. Kaka alilipia nakala ile fedha zilizokaribia kodi yake ya miezi miwili. Ni nzuri, sitasema uongo. Mwanga wa asubuhi ukiingia dirishani, kioo kile kinaonekana kama maji ya ziwa kabla upepo haujaamka.

Na kaka si mtu wa majivuno. Ili mumwelewe, lazima niwaeleze sebule tuliyokulia Buyenzi. Ilikuwa na makochi manne, kila kochi na kitambaa chake cha kufuma mgongoni na mikononi. Palikuwa na maua ya plastiki yasiyonyauka wala kufutwa vumbi, saa mbili za ukutani ambazo moja tu ilikuwa ikitembea, na kabati la vyombo lenye vioo. Ndani ya kabati hilo vilikaa vikombe vya wageni vyenye mstari wa dhahabu. Katika maisha yangu yote vikombe vile nimeviona vikitolewa mara tatu, na katika hizo tatu moja ilikuwa kwa ajili ya kuvifuta. Wageni walikunywa chai kwenye vikombe vya kawaida huku wakiviangalia vile vya wageni. Kaka alikua akigonga magoti kwenye ncha za vitu. Anaposema anataka nyumba ambayo jicho lake litapumzika, namwamini.

Tena dalili anayo, na mimi ndiye niliyempa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliswali akiwa amevaa khamisa, nguo yenye nakshi, jicho lake likaangukia zile nakshi. Alipomaliza kuswali akaagiza irudishwe kwa Abu Jahm, na badala yake aletewe nguo yake nzito isiyo na mapambo, kwa kuwa ile ilimshughulisha katika swala. Aliyeswali mbele ya kabati la vyombo, huku sura yake mwenyewe ikimtazama kutoka kwenye kioo, anajua maana ya hadithi hii. Ukuta mtupu una fadhila zake. Kwa hiyo sisemi kuwa mtindo huu wa vitu vichache, unaoitwa minimalizimu, ni mambo ya Wazungu tu yasiyotuhusu.

Kosa langu niliona lilipo siku mama alipokwenda.

Ilikuwa Jumapili baada ya adhuhuri. Mama alifika na shangazi, mama mdogo, na watoto wanne wa dada. Alibeba sufuria ya wali, mukeke wa kukaanga, na kwapani mkeka wake umekunjwa, kwa kuwa anajua vijana hawanunui mikeka. Tukaingia. Sofa ni ya watu watatu. Meza imekaa katikati kabisa ya zulia, upana wa zaidi ya mita 1, na nafasi iliyobaki pembeni yake ni ya kupitisha miguu. Mama akauliza meza isogezwe ili atandike. Hapo ndipo tulipofahamu kwamba meza ile haisogezwi. Kioo hakikufungwa, kimelala tu kwa uzito wake. Lazima kwanza kinyanyuliwe chote, na hiyo ni kazi ya wanaume wawili wenye tahadhari. Mwanamume mle ndani alikuwa mmoja, na mkeka ukasimamishwa nyuma ya mlango.

Mama na shangazi walikaa kwenye sofa. Mama mdogo na mimi tulikaa sakafuni, kwenye kijia cha kuendea jikoni. Wali ukagawanywa kwenye sahani, kila mtu na yake mapajani. Nyumbani tunakula kwenye sinia moja, na mama ana tabia ya kusukuma kipande cha samaki kwa kidole kuelekea upande wa mtoto asiyekula vizuri. Siku ile hapakuwa na upande wa kusukumia. Watoto waliambiwa "usiguse" mara nyingi mpaka mdogo wao akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Wanaolijua sinia wanaelewa kilichokosekana.

Kisha shangazi, akisimulia habari za jirani aliyefiwa, aliweka mkono juu ya kioo kama mtu yeyote anavyoweka mkono mezani. Ukabaki alama ya mafuta. Kaka akainuka, akachukua kitambaa, akaanza kufuta huku shangazi akiendelea kuzungumza. Hakukusudia lolote. Lakini shangazi alinyamaza katikati ya sentensi, akauondoa mkono, akauweka mapajani, na habari ya jirani hatukuisikia mwisho wake. Waliondoka kabla ya alasiri. Kwa kawaida wangeswali palepale. Kwenye bajaji mama akasema, bila hasira, "Nyumba ya mwanangu nzuri. Ila sikujua nikae wapi."

Maneno hayo yalinirudisha vitabuni. Na nakiri nilirudi kama wakili anayetafuta ushahidi wa kushinda kesi. Nikaupata upesi. Anas bin Malik (r.a.), aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) kwa miaka 10, amesimulia kwamba hakumjua Mtume kula juu ya khiwani, yaani meza iliyoinuka. Qatada, aliyepokea kwake, aliulizwa basi walikuwa wakila juu ya nini, akajibu kuwa ni juu ya sufra, kile kitandiko cha chini. Hadithi iko kwa Bukhari. Nikafurahi. Nikaanza kumwandikia kaka ujumbe mrefu kwamba meza si Sunna, mkeka ndio Sunna, arudishe mzigo wa watu dukani.

Sikuutuma, kwa sababu usiku huohuo nilifungua Ihyau Ulumid-Din, kitabu cha adabu za kula, na Imamu al-Ghazali alikuwa amenitangulia kwa zaidi ya miaka 900. Anakubali kuwa sufra iko karibu zaidi na mwenendo wa Mtume. Anataja vilevile kauli kwamba mambo manne yalizuka baada ya Mtume: meza za kulia, chekeche za kuchekechea unga, ushnani wa kunawia mikono, na shiba. Kisha anamkataza mtu wa haraka kama mimi asikimbilie kuharamisha. Si kila kipya kimekatazwa, anasema, na meza haifanyi zaidi ya kuinua chakula kutoka ardhini ili kulika kwake kuwe rahisi. Ushnani unasafisha, na usafi unapendeza. Manne hayo hayako sawa, na zito kuliko yote ni shiba. Fikirini: katika orodha yenye fanicha na vyombo, anachokiogopa Imamu ni kile kisichoonekana sebuleni, tumbo la mwenye nyumba.

Nilipata aibu kidogo. Maana jibu langu la kwanza na ujumbe wangu wa pili vilikuwa kosa moja lenye nyuso mbili. Mara ya kwanza niliihukumu meza kwa wingi wa vitu vilivyoizunguka, nikaona ni vichache, nikasema zuhudi. Mara ya pili niliihukumu kwa urefu wa miguu yake. Mara zote mbili sikuuliza meza ile inafanya nini pale katikati.

Neno zuhudi tunalitumia ovyo. Masheikh wetu hutufundisha kuwa ni moyo kutofungwa na kitu, mtu awe nacho au asiwe nacho. Ukipima kwa hesabu ya vitu, utamwita zahidi kila aliye na mshahara mkubwa na sebule tupu, na utamwona mpenda dunia mzee wa mtaani kwetu aliyehifadhi mbao kuukuu, makopo na misumari iliyopinda. Mzee yule anahifadhi kwa sababu kesho paa likivuja hana pa kukimbilia. Aliye na fedha anaweza kutupa leo, kwa kuwa akihitaji kesho atanunua kingine. Ghala lake liko dukani.

Hata namna ya kupunguza vitu inafaa kuangaliwa. Marie Kondo wa Japani, ambaye kipindi chake kiliingia Netflix mwaka 2019, anafundisha kushika kila kitu mkononi na kubaki na kile tu kinachokupa furaha. Vingine vishukuru uviache viende. Kama utaratibu wa kupanga kabati la nguo, ni mzuri, nimeujaribu. Lakini kumbukeni Sura Aal-Imran, aya ya 92: wema wa kweli umefungwa kwenye kutoa katika tunavyovipenda. Maswahaba waliposikia aya hiyo, Abu Talha (r.a.) alitoa bustani yake ya Bayruha, mali aliyoipenda kuliko zote. Njia mbili hizi zinapishana mlangoni: mmoja anatoka na asichokitaka, mwingine anatoka na anachokipenda. Kaka alipohama, makochi yaliyovunjika springi alimpa mlinzi na kuiita sadaka. Nami nilimsaidia kuyabeba.

Nirudi kwenye meza. Hadithi iliyonifungua macho ni ile aliyoipokea Jabir (r.a.), iliyomo katika Sahihi Muslim: Mtume (s.a.w.) alitaja kitanda kimoja cha mume, kimoja cha mke, cha tatu cha mgeni, na cha nne akasema ni cha shetani. Wanavyuoni, an-Nawawi akiwa mmoja wao, wamefafanua kuwa cha nne ni mfano wa kila kinachozidi haja na kuchukuliwa kwa fahari na mapambo ya dunia. Hadithi hii nimeisikia minbarini mara kadhaa, na kila mara khatibu hukimbilia kitanda cha nne. Mimi siku ile nilisimama kwenye cha tatu. Katika nyumba yenye vitanda vitatu, kimoja kizima kimewekwa kwa mtu asiyekuwapo. Hajulikani jina, hajulikani atakuja lini. Nyumba imepimwa kwa vitu vichache, na ndani ya uchache huo nafasi ya mgeni imeshakatwa.

Hapo ndipo nilipoona tofauti niliyokuwa nikiitafuta. Sebule ya mkeka nayo ni tupu. Asubuhi mkeka umekunjwa umesimama kona, chumba hakina kitu. Wakija wanne patakuwa pa kulia, adhana ikilia patakuwa na safu, usiku mtoto wa jirani aliyefungiwa mlango atalala hapo. Utupu wake unawasubiri watu. Utupu wa Kinindo ulikuwa umekwisha kukamilika kabla hatujafika, na kila aliyeingia aliupunguza uzuri kidogo. Mkono wa shangazi ulikuwa doa. Na msidhani nalisifu kabati la mama. Vile vikombe vya mstari wa dhahabu vilikuwa hivyohivyo: vimewekwa kwa jina la mgeni, na mgeni haruhusiwi kuvigusa. Al-Ghazali, katika kitabu hichohicho cha adabu za kula, anamlaumu mwenyeji anayejikalifisha mpaka ziara igeuke mzigo. Kabati na kioo ni ndugu.

Niliyaeleza haya kwa kaka, kwa mdomo safari hii, na jibu lake lilikuwa zito. Alisema: "Mimi naishi humu siku 29 za mwezi. Nyinyi mnakuja siku moja. Nipange nyumba yangu kwa ajili ya siku moja?" Sikuwa na jibu la haraka, na nilishajifunza kuogopa majibu ya haraka. Ana haki. Sharia yenyewe imeiwekea takrima ya mgeni mpaka, siku tatu, na kinachozidi ni sadaka. Mwenye nyumba si mtumishi wa kila apitaye. Nikamuuliza tu hizo siku 29 anakula wapi. Akacheka kwanza. Kisha akakiri kuwa anakula amesimama jikoni, kwa kuwa chai inaacha duara kwenye kioo na yeye amechoka kufuta. Meza ile haikuwa na mgeni hata mmoja, na kaka naye akiwamo.

Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mepesi, kwa sababu hatukuwa tena tunazungumzia hukumu. Tulizungumzia sentimita. Tuliazima mkeka wa mama tukautandika kwanza, kama fundi nguo anavyoanza na kipimo cha mwili, kisha tukaangalia nafasi gani imebaki. Sofa yake ina kimo cha sm 43 pa kukalia. Wanaouza samani husema meza ya mbele ya sofa iwe kimo sawa na kiti au chini yake kidogo, na iachwe sm 40 hivi kati ya meza na sofa ili magoti yapite. Tulikubaliana na kimo, sm 40, lakini badala ya meza moja kubwa tukaamua mbili ndogo za duara, kila moja sm 50 kutoka ukingo hadi ukingo. Mtoto hawezi kuumia kwenye ncha isiyokuwapo. Kila moja iwe nyepesi ya kubebwa na mama kwa mkono mmoja, maana kama ni lazima kumwita mwanamume, tumerudi palepale. Mbili hizo zikisogezwa ukutani, mkeka unatandazika wote na safu mbili za kuswali zinaenea.

Kuhusu mbao, fundi wa Buyenzi alitukatalia mbao za kubandika zilizotengenezwa kwa unga wa miti. Alisema zikipata maji pembeni huvimba na hazirudi. Alipendekeza grevilea, mti unaopandwa sana mashambani kwetu, mradi uwe umekauka vizuri. Mbichi hupasuka ikishakuwa meza. Akashauri miguu mitatu badala ya minne, kwa kuwa miguu mitatu haitikisiki hata sakafu ikiwa na mabonde. Akapaka vanishi isiyong'aa. Kaka alisimama akimwangalia kwa furaha ambayo sikuiona siku aliponitumia ile picha. Bado ni meza za kisasa. Bado ukuta ni mweupe na hauna kitu. Gharama ya zote mbili haikufika robo ya ile ya kioo, ingawa sitaki kuifanya hiyo kuwa hoja. Zingekuwa ghali ningesema vilevile.

Kioo bado kipo, kimeegemezwa chumbani kwake nyuma ya kabati la nguo, kwa kuwa hajapata mnunuzi na hataki kukitoa bure. Hilo namwachia yeye na Mola wake. Mama amekwenda Kinindo mara mbili tangu hapo. Mara ya pili hakurudi na mkeka. Kaka alimpigia kumkumbusha kuwa ameusahau, mama akamwambia hakuusahau.